Kufunuka kwa Moyo: Tafakuri na Ujuzi wa Nafsi katika Al-Inkishafi

Utangulizi

Mtu ni nani anapovuliwa mali, cheo na nasaba? Swali hili ni kongwe katika fasihi ya Kiswahili, na ni tungo chache za kale zilizolikabili kwa ukali kama Al-Inkishafi. Mtunzi wake, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, alikuwa wa ukoo wa masharifu wa Sheikh Abu Bakr bin Salim, ukoo wenye asili ya Hadhramaut uliokita mizizi katika visiwa vya Pate na Lamu. Wataalamu wengi huuweka utungo huu kati ya mwisho wa karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19, wakati nguvu na utajiri wa mji wa Pate vilipokuwa vikididimia.

Utungo huu umezoeleka kusomwa kwa njia mbili. Wapo wanaousoma kama ombolezo la mji ulioanguka, na wapo wanaousoma kama mawaidha ya dini yenye kumwonya mtu asihadaike na dunia. Njia zote mbili zina ukweli. Hata hivyo, zote mbili huliacha kando jambo ambalo jina la utungo lenyewe linalitaja, nalo ni kufunuka. Kusudi la mhadhara huu ni kueleza kwamba Al-Inkishafi, kabla ya kuwa ombolezo au waadhi, ni zoezi la tafakuri lenye hatua zinazofuatana. Na kwamba kinachofunuka katika zoezi hilo si siri za ulimwengu, bali hali ya moyo wa mwenye kutafakari.

Suala hili halihusu historia ya fasihi peke yake. Siku hizi yanasomwa na kutafsiriwa maandiko mengi juu ya utulivu wa akili na ujuzi wa nafsi, yakiwa na asili ya India, Ulaya na Marekani. Mfasiri anayekutana na dhana hizo anaweza kudhani kwamba Kiswahili hakina msamiati wala mapokeo ya kazi ya namna hiyo. Al-Inkishafi ni ushahidi kwamba dhana hiyo haina msingi.

Jina na maana yake

Neno inkishafi limetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kufunua au kuondoa kifuniko. Mzizi huohuo umekipa Kiswahili kitenzi kukashifu, yaani kumfedhehesha mtu kwa kutoa aibu yake hadharani. Katika istilahi za tasaufi, kashfu ni kuondoka kwa pazia linaloutenga moyo na ukweli. Kwa hiyo mzizi mmoja umezaa njia mbili. Ya kwanza huelekea nje, kwa jirani, na matunda yake ni fedheha. Ya pili huelekea ndani, na matunda yake ni ujuzi.

Umbo la neno lina uzito wake pia. Katika sarufi ya Kiarabu, inkishafu ni umbo la kitendo kinachokitokea kitu chenyewe: si kufunua, bali kufunuka. Maana hii inaafikiana na nia anayoitaja mshairi mwanzoni mwa utungo. Anaeleza kwamba atapanga maneno yake kama mtu anayepanga lulu, na kwamba ameupa utungo jina hilo ili giza la dhambi limwondokee yeye mwenyewe. Hasemi kwamba anatunga ili watu wa Pate waone makosa yao. Mgonjwa wa kwanza katika utungo huu ni mganga mwenyewe.

Jambo hili linathibitika tena katika beti ambamo mshairi anauliza wako wapi waliokuwa watukufu. Miongoni mwa majina anayoyataja limo la Ali bin Nasiri, jina linalolingana na la baba yake mtunzi, pamoja na majina mengine ya jamaa za masharifu. Anayetaka kukashifu huanza na ukoo wa adui. Sayyid Abdallah anaanza na watu wa karibu yake, na kwa njia hiyo anajifungia mlango wa kusema kwamba habari hizi ni za wengine.

Roho, nafsi na moyo

Kiswahili kina maneno matatu makuu yanayohusu utu wa ndani. Roho na nafsi yametoka katika Kiarabu, na katika lugha hiyo yana udugu na maneno ya upepo na pumzi. Moyo ni neno la asili ya Kibantu lenye ndugu katika lugha nyingi za Afrika ya Kati na ya Mashariki. Katika Kiluba cha Kasai, kwa mfano, moyo ni uhai, na ni neno la kuamkiana.

Katika matumizi ya kawaida maneno haya hayachanganywi ovyo. Mtu hukata roho, hakati nafsi. Hapa roho ni uhai unaoondoka. Mtu husutwa na nafsi yake, na husema jambo fulani ni lake binafsi. Hapa nafsi ni mtu kwa kadiri anavyojijua. Mtu hupiga moyo konde, huvunjika moyo, hufanya jambo kwa moyo mmoja. Hapa moyo ni makao ya nia na ujasiri. Waliotayarisha Biblia ya Tafsiri ya Muungano, iliyochapishwa mwaka 1952, walizitumia pia tofauti hizi walipohitaji kutenga roho na nafsi. Hali kadhalika, taaluma ya saikolojia imeitwa pia elimunafsi.

Matumizi ya neno nafsi katika sarufi yanastahili kuangaliwa kwa makini zaidi. Wanasarufi wa Kiswahili husema nafsi ya kwanza, nafsi ya pili na nafsi ya tatu. Nafsi, kwa maana hiyo, ni nafasi ya mtu katika mazungumzo: anayesema, anayeambiwa, anayesemwa. Sayyid Abdallah hakuandika sarufi, lakini utungo wake umejengwa juu ya jambo hilohilo. Anajigawa. Yule anayesema ni nafsi ya kwanza, na moyo wake anauweka katika nafsi ya pili, aweze kuuliza, kuusikiliza na kuukemea. Mtu asiyeweza kujiambia "wewe" hawezi kujihoji, kwa sababu anayeulizwa na anayeuliza wamekuwa kitu kimoja kisichojiona.

Mgawanyo huu una nasaba ya kifikra. Imamu Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika katika Ihya Ulum al-Din kitabu kizima juu ya maajabu ya moyo. Humo anaeleza kwamba maneno manne, yaani moyo, roho, nafsi na akili, kila moja lina maana yake ya pekee, lakini yote hukutana katika maana moja: kile kitu laifu cha ndani ya mtu kinachojua, kinachoambiwa na kinachoulizwa. Anaufananisha moyo na kioo ambacho hupata kutu kwa matendo maovu na hung'arishwa kwa dhikiri na kujizuia. Masharifu wa tarika ya Alawiyya, ambao Sayyid Abdallah ni wa nasaba yao, waliithamini mno Ihya na kuifundisha kizazi baada ya kizazi.

Wafasiri wa Al-Inkishafi kwa Kiingereza hawakuuhifadhi uteuzi wa mshairi. William Hichens, katika toleo lake la mwaka 1939, aliipa tafsiri kichwa chenye maana ya kuamka kwa roho, J. de Vere Allen, mwaka 1977, alichagua kichwa chenye maana ya maswali na majibu ya kuifunza roho. Uamuzi wao unaeleweka, maana neno la Kiingereza la moyo lingewapeleka wasomaji wao kwenye mapenzi. Lakini anayesemeshwa na mshairi zaidi ni moyo. Roho, kwa Mswahili, ni amana itakayorudi kwa mwenyewe. Haimwachii mtu mengi ya kujadiliana nayo. Moyo ndio unaopenda, unaokataa na unaoweza kugeuka. Ndiyo maana ndio unaohojiwa.

Hatua za tafakuri

Karibu na mwisho wa Ihya, Al-Ghazali amepanga vitabu vitatu kwa mfuatano: kitabu cha kuilinda nafsi na kuifanyia muhasaba, yaani hesabu, kitabu cha tafakuri, na kitabu cha kukumbuka mauti na yatakayofuata. Al-Inkishafi una mwendo unaofanana sana na huo. Baada ya kumtaja Mungu na kumsalia Mtume, mshairi anauhoji moyo wake kwa nini hauonyeki. Kisha anautafakarisha mifano ya dunia. Kisha anauonyesha magofu. Na hatimaye anaufikisha kwenye kaburi na moto.

Umbo la ushairi linasaidia kazi hiyo. Utenzi wa kawaida una mizani 8 katika kila kipande, nao huenda mbio, kwa kuwa aghalabu unasimulia visa. Vipande vya Al-Inkishafi ni virefu zaidi; kwa kawaida vina mizani 11, vyenye kituo kidogo baada ya mizani ya sita. Vipande vitatu vya kila ubeti huwa na kina kimoja, na cha nne hurudi kwenye kina cha bahari kinachodumu utungo mzima. Msomaji hulazimika kupumua katikati ya kila kipande na kutua mwishoni mwa kila ubeti. Utungo hautoi nafasi ya kukimbilia mbele.

Mifano ya dunia ndiyo inayohitaji kutazamwa kwa utulivu zaidi. Mshairi anaifananisha dunia na bahari chafu yenye matumbawe na misukosuko. Anaifananisha na kisima kilicho na mwana wa ng'ombe mkali, ambaye kila anayekaribia humpiga pembe, asipate kunywa. Anaifananisha na vumbi linaloonekana katika mwangaza wa jua uingiao ndani: mtu hulikamata, akifumbua mkono haoni kitu. Mwisho anaifananisha na mazigazi ya mchana, ambayo mwenye kiu huyadhania maji akayakimbilia.

Kati ya mifano hii minne, mitatu ni ya maji. Bahari ni maji yasiyonyweka. Kisima ni maji yanyweka lakini hayafikiki. Mazigazi ni maji yasiyokuwapo. Kwa watu wa visiwa vya matumbawe, ambako maji matamu huchimbiwa na kutunzwa, mifano hii haikuwa ya vitabuni. Katika yote mitatu maji yana kasoro, lakini hakuna mahali mshairi anaposema kwamba kiu ni ya uongo. Aliyeyakimbilia mazigazi alikosea juu ya maji, hakukosea juu ya kiu yake.

Hapa ndipo tafakuri ya utungo huu inapofunua jambo la kwanza kuhusu moyo. Mawaidha ya juujuu humwambia mtu aache kutamani. Al-Inkishafi, ukisomwa polepole, unauonyesha moyo kuwa ni kitu chenye kiu kwa asili yake, na kwamba maangamizi yake hayatokani na kiu bali na kukosea maji. Moyo usingekuwa na kiu usingehadaika; lakini pia usingekuwa na sababu ya kutafuta.

Gofu kama nyumba iliyofunuliwa

Sehemu ya utungo inayokumbukwa zaidi ni ile ya magofu. Kisiwa cha Pate kilikuwa na magofu tangu zamani: mji wa Shanga, uliokaliwa kuanzia karne ya 8, ulihamwa mwanzoni mwa karne ya 15. Mji wenyewe wa Pate ulistawi kwa biashara ya bahari, kisha ukadhoofishwa na fitina na vita; kushindwa kwake na majeshi ya Lamu huko Shela, karibu mwaka 1813, ndiko kulikoumaliza nguvu.

Nyumba ya mawe ya pwani ya kaskazini ilipangwa ili mtu aingie kwa hatua: kutoka daka la nje, kupitia kiwanda, hadi misana na chumba cha ndani. Kadiri mtu alivyozidi kuingia ndivyo alivyozidi kukaribia siri ya nyumba, mahali penye zidaka za chokaa zilizopangwa vyombo vya kauri kutoka China. Mgeni wa kawaida hakufika huko.

Katika utungo, mahali hapo pa siri pamekuwa wazi kwa kila kiumbe. Zidaka za sahani zimekuwa malazi ya makinda ya ndege, na bundi analia ndani ya nyumba. Mshairi hasemi tu kwamba utajiri umekwisha. Anaonyesha kwamba kilichokuwa ndani kabisa sasa kinaonekana kutoka nje. Gofu ni nyumba iliyofunuliwa; ni inkishafi ya mawe na chokaa. Kwa sababu hiyo picha ya gofu inakwenda sambamba na jina la utungo. Kama nyumba iliyofichwa kwa kuta nene imefunuka bila ya mwenyewe kutaka, moyo nao utafunuka, ama kwa hiari ya mwenyewe angali hai, ama kwa lazima baadaye. Tafakuri ni kuchagua kufunuka mapema.

Je, hofu ni ujuzi?

Ipo hoja dhidi ya usomaji huu ambayo haifai kupuuzwa. Utungo unamalizikia katika majina ya moto na adhabu zake. Mtu anaweza kuuliza: kama moyo unageuzwa kwa kutishwa, je, umejijua au umeogopa tu? Hofu humfanya mtu akimbie, na anayekimbia hatazami.

Jibu moja linapatikana katika majina hayo yenyewe. Miongoni mwake umo Hutama, ambao katika sura ya 104 ya Qurani umeelezwa kuwa ni moto unaopanda mpaka nyoyoni. Moto huo unafika mahali palepale ambapo mshairi amekuwa akibisha hodi tangu mwanzo. Kwa maneno mengine, adhabu imechorwa kama kufunuka kwa lazima kwa kile ambacho mtu alikataa kukifunua. Jibu la pili linatokana na daraja za nafsi zinazotajwa katika Qurani: nafsi yenye kuamrisha maovu, nafsi yenye kujilaumu, na nafsi iliyotulia. Al-Inkishafi ni utungo wa daraja ya pili. Sauti yake ni ya nafsi inayojilaumu, ambayo imeshaamka lakini haijatulia. Kuudai utulivu ambao mshairi mwenyewe hakudai kuupata ni kuutoza deni lisilo lake.

Haifai pia kudhani kwamba kila tafakuri humfikisha mtu mahali pamoja. Katika falsafa ya Advaita ya India, anayetazama ndani hufundishwa kwamba nafsi yake ya kweli haitengani na uhalisi ulio juu ya yote. Katika mafundisho ya Buddha, anayetazama ndani hufundishwa kwamba hakuna nafsi moja ya kudumu ya kushikwa. Sayyid Abdallah hafiki kwa wa kwanza wala kwa wa pili. Anaupata moyo ulio mtumwa wa Mungu, wenye kiu, unaoweza kuulizwa na unaopaswa kujibu. Uwezo wa kuulizwa ndio, kwake, heshima ya mwanadamu. Kuta za Pate hazikuulizwa kitu, zilianguka tu.

Mapokeo yaliyoendelea

Kazi ya kuuelekea moyo haikukoma kwa Sayyid Abdallah. Mwishoni mwa karne ya 19, Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa (1847–1909) alieneza tarika ya Qadiriyya mpaka Zanzibar na bara, na Sheikh Muhammad Maruf wa Komoro (1853–1905) akaieneza Shadhiliyya. Dhikiri ya halaiki, yenye pumzi na mwendo mmoja, si kitu kilekile na tafakuri: tafakuri huufikisha moyo kwa njia ya mawazo na picha, ilhali dhikiri hufanya hivyo kwa kurudia jina mpaka mawazo yatulie. Hata hivyo Al-Ghazali aliziona njia hizi mbili kuwa zinasaidiana, na pwani ya Waswahili ilizihifadhi zote.

Katika fasihi ya kisasa, Euphrase Kezilahabi (1944–2020) alirejea kwenye mazingira ya ukiwa katika Nagona (1990) na Mzingile (1991), ambamo safari ya kuutafuta ukweli inapita katika ulimwengu uliohamwa. Imani yake si ya Sayyid Abdallah na majibu yake si yale. Lakini mbinu ya kumtoa mtu katika shughuli za mji, kumsimamisha mbele ya ukiwa na kumwacha ajiulize, inafanana.

Hitimisho

Al-Inkishafi ulitokea katika chapa mwaka 1915, W. E. Taylor alipoutayarisha ndani ya kitabu cha C. H. Stigand juu ya lahaja za Kiswahili. Tangu mwaka 1999 umo pia katika Tenzi Tatu za Kale, zilizohaririwa na M. M. Mulokozi, kwa hiyo mwanafunzi wa leo ana njia ya kuufikia. Ugumu uliobaki ni wa namna ya kuusoma. Ukisomwa kwa haraka ili kutafuta dhamira na tamathali za usemi za kujibia mtihani, utaonekana kuwa waadhi mmoja zaidi juu ya ubaya wa dunia. Ukisomwa kama ulivyotungwa, ubeti kwa ubeti, kwa kutua pale unapotaka msomaji atue, unamfundisha mambo matatu: kuuweka moyo wake katika nafsi ya pili na kuuliza, kutofautisha kiu yake na maji anayoyakimbilia, na kuingia kwa hiari katika chumba cha ndani kabla kuta hazijaanguka.

Mwalimu anayeufundisha utungo huu hana budi kuwaacha wanafunzi wakae kimya kidogo mbele yake kabla ya kuwauliza unahusu nini. Mshairi mwenyewe aliuliza moyo wake maswali mengi, na sehemu kubwa ya maswali hayo aliyaacha bila majibu. Anayepaswa kuyajibu ni yule anayeyasoma.